Vifaranga wangu wananikimbia, nifanyeje?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Njombe. Ameandika hivi: "Nimenunua vifaranga chotara 25 wenye umri wa wiki 3 kutoka kwa wakala. Kila nikifunua bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) wanapiga kelele na kujirundika kona moja. Wawili wameshakufa kwa kukandamizwa na wenzao. Watoto wangu wanatamani kuwashika lakini hawashikiki. Mama mkwe anasema niwakamate kila siku kwa nguvu mpaka wazoee. Nataka wawe wapole kwa sababu kuku wangu wa zamani walikuwa wananishinda kuwakamata siku ya chanjo. Je, nimechelewa?"

Pole sana dada kwa hao wawili. Hujachelewa. Njia ya mkato ndiyo iliyokupita, na nitakueleza kwa nini, ila ile ndefu bado iko wazi na nimeiona ikifanya kazi kwa kuku wakubwa kuliko wako.

Kabla ya hayo, rudi kwenye swali lako usome neno moja: "nikifunua". Maana yake bruda yako inafunguliwa kwa juu. Kila unapowapelekea chakula, wao wanaona paa linaondoka ghafla, mwanga unaingia, umbo kubwa linasimama juu ya vichwa vyao na mkono unashuka. Mwewe hufika hivyo hivyo. Kifaranga hahitaji kufundishwa kuogopa kinachomjia kutoka angani. Anatoka na hofu hiyo kwenye yai. Ukimsikiliza mama kuku mwenye vifaranga uwanjani utagundua ana mlio wake wa mwewe na mwingine tofauti wa paka au nguchiro. Kwa ule wa mwewe, watoto wanakimbilia penye kivuli na kuganda kimya. Wako hawana mama wala kichaka cha kukimbilia. Wana kona tu, na wote wameichagua ile ile.

Kwa hiyo leo, hata kabla ya kufikiria upole, okoa walio hai. Chukua kipande kirefu cha boksi, mkeka mkuukuu au bati laini, ukizungushe ndani ya bruda ili kona zote zipotee na ukuta uwe wa mviringo. Kifaranga anayekimbia kwenye mviringo anazunguka tu, hakandamizwi. Kisha toboa mlango wa pembeni, usawa wa sakafu, upana wa kupitisha mikono miwili na sahani. Kuanzia sasa chakula na maji vipitie hapo. Juu acha wavu, na upande mmoja ufunike kwa gunia ili wawe na mahali penye kigiza pa kujificha wakishtuka. Watu wengi hudhani kumpa kifaranga maficho kutamfanya mwoga zaidi. Nimeona kinyume chake: anayejua pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka kuja kukuangalia.

Angalia pia joto, maana Njombe ni baridi, na wanaojirundika huenda wanatafuta joto huku wewe ukisoma hofu. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki unashusha kama nyuzi 3. Wako sasa wanataka karibu nyuzi 26. Kama huna kipimajoto, watazame wakiwa hawajui kuwa upo. Wakisongamana chini ya taa wanahisi baridi. Wakiwa wamelala mbali na taa, midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika kila mmoja na shughuli yake, hapo umepatia. Ikiwa unatumia jiko la mkaa, chumba kiwe na pa kutolea hewa, kwa sababu moshi usioonekana wa mkaa unaua vifaranga na unaua watu. Na usiku chukua tochi ukague pembe za chumba. Panya mmoja anayeingia saa nane kumng'ata mguu kifaranga anaweza kuharibu kazi yako yote ya mchana, nawe ukabaki kujilaumu kwamba hujui kuwazoeza.

Sasa ile njia iliyokupita. Kifaranga anapoanguliwa, ubongo wake una dirisha fupi la kumtambua mama. Katika siku ya kwanza na ya pili chochote kinachotembea karibu naye, chenye sauti na joto, anaweza kukishika kama mzazi na kukifuata. Mwingereza mmoja aliyeitwa Douglas Spalding aliandika juu ya hili mwaka 1873. Aliwafunika vifaranga macho kwa vikofia mara tu walipotoka kwenye yai, akawafunua kwa nyakati tofauti. Waliofunuliwa mapema walimfuata. Watatu aliowaacha na vikofia mpaka karibu siku ya nne walipomwona walikimbia kwa hofu kubwa, kila alipowasogelea wakaenda upande mwingine. Hakuwa amewafanya lolote baya. Dirisha lilikuwa limefungwa na hofu imeshaingia.

Wako walitoka kwenye mashine ya kutotolea, wakawekwa kwenye boksi, wakasafiri, wakakaa kwa wakala, wakasafiri tena. Kila mtu waliyemwona aliwashika ili kuwahesabu au kuwahamisha. Kwa wiki 3 wamejifunza somo moja juu ya binadamu, na wamelifaulu vizuri. Hawawezi tena kukufanya mama yao. Wanaweza kukufanya mahali pa salama penye chakula, na kwa haja yako hilo linatosha kabisa.

Haya, fanya hivi. Tafuta kigoda kifupi, au kaa chini kabisa kwenye gunia, mbele ya ule mlango wa pembeni. Usisimame na usichutame, kwa sababu anayechutama anaonekana kama mnyama anayejiandaa kuruka. Kaa asubuhi kabla hujawapa chakula, mchana, na jioni kabla hakujawa giza. Dakika 10 au 15 kila mara. Siku 2 au 3 za kwanza usifanye lolote. Chambua mchele wako, ongea na simu kwa sauti ya chini, shona. Usiwakodolee macho. Kuku macho yake yako pembeni, na akitaka kukuchunguza vizuri hugeuza kichwa akutazame kwa jicho moja. Macho mawili yaliyomwelekea bila kupepesa anayajua kuwa ya mwindaji. Mtazame kwa pembe ya jicho, ugeuze uso, umtazame tena. Vaa kanga au gauni lile lile siku hizo zote. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kuku wanatambua rangi na maumbo vizuri sana, na kanga mpya ya rangi kali inaweza kukurudisha nyuma siku nzima.

Siku ya tatu au ya nne, laza mkono wako sakafuni ndani ya mlango, kiganja juu, na uuache hapo kama kitu kilichosahaulika. Weka chakula kidogo mbele ya vidole, si ndani ya kiganja bado. Kisha tumia kidole cha mkono wa pili kugongagonga sakafu au sahani ya bati pale penye chakula, taratibu, mara mbili tatu, unanyamaza, unagonga tena. Ukiniambia nichague jambo moja tu katika barua hii yote, ningechagua hili la kidole. Ndivyo mama kuku anavyofanya: anadonoa chini, anaita ko-ko-ko kwa sauti ya ndani, watoto wanakuja kudonoa palepale alipodonoa. Kifaranga ana mvuto wa kuzaliwa kwa kitu kinachodonoa chini, hata kikiwa kidole cha mtu au ncha ya kijiti. Nimewahi kuona kifaranga mwoga kupindukia akisahau kabisa kwamba kuna mtu, kwa sababu tu kidole kilikuwa kinagonga. Ongeza sauti yako ya kuita, iwe moja siku zote. Wengine huita kurukuru, wengine hupiga ulimi. Chagua yako na watoto wako waijue hiyo hiyo.

Chakula cha kuwavuta kiwe kitu wasichokipata kwenye chombo chao cha kawaida. Yai la kuchemsha lililopondwa vizuri linafaa sana. Mchwa ndio tunu kuliko vyote. Kwa wanaoishi penye mchwa, chungu kilichojazwa mabua na samadi kidogo, kikafudikizwa jioni juu ya njia yao, asubuhi kinakuwa kimejaa. Majani ya mchicha yaliyokatwa vipande vidogo nayo huwavutia. Dagaa waliosagwa ni wazuri ikiwa hawana chumvi; wenye chumvi usiwape, maana chumvi nyingi ni sumu kwa kifaranga. Wawekee na changarawe laini kwenye kisahani, kwa kuwa hawana meno, na kijani na wadudu husagwa na firigisi kwa msaada wa vijiwe. Na iwe kidogo: kijiko kimoja au viwili kwa kundi zima kila mara unapokaa. Chakula chao cha vifaranga ndicho kinachowajenga, hivi ni vya kufanya urafiki tu. Usiwanyime chakula ili wakujie kwa njaa. Kifaranga mwenye njaa hudhoofika upesi, tena njaa humfanya ang'ang'anie na kupigana na wenzake, hamfanyi akuamini.

Kila siku sogeza chakula kidogo kuelekea kiganja. Kutakuwa na mmoja au wawili wanaotangulia. Kwa kawaida katika kila kundi wapo. Usiwakamate hao! Jaribu ni kubwa, najua, hasa anapopanda kwenye kiganja na unahisi vikucha vyake vyepesi. Mwache ale, ashuke, aende. Wenzake wote wanatazama kilichompata. Akirudi salama, umewahubiria 22 waliobaki bila kusema neno. Ukimfumbia vidole siku hiyo, umewahubiria pia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mama mkwe, kwa heshima zote. Ana haki katika sehemu moja: kuku asiyeguswa kabisa hubaki wa mwituni, na kuguswa kila siku ni lazima kuwepo. Tatizo liko kwenye lile neno kwa nguvu. Ukimkimbiza kifaranga, ukamkamata, ukamkandamiza kifuani, baada ya muda kidogo atatulia. Ananyamaza, macho nusu wazi, mwili umelegea. Wengi hufurahi wakisema amezoea. Hajazoea. Huko ni kuganda kwa hofu, ni kujifanya mfu, kinga ya mwisho ya mnyama aliyeshikwa akitumaini mshikaji atalegeza. Zamani sana watu walilifanya mchezo: padri Athanasius Kircher alieleza mwaka 1646 jinsi kuku aliyelazwa chini na kuchorewa mstari wa chaki mbele ya mdomo anavyobaki kimya kama aliyerogwa. Chaki haikuwa na kazi yoyote. Leo watafiti wa kuku hupima muda anaobaki ameganda kama kipimo cha woga wake: kadiri anavyoganda muda mrefu, ndivyo alivyo na hofu zaidi. Kwa hiyo yule unayemdhania mpole kuliko wote mkononi anaweza kuwa ndiye aliyeogopa kuliko wote.

Utamjuaje aliyetulia kweli? Anafanya mambo yake mbele yako. Anajichokonoa manyoya, ananyoosha bawa na mguu wa upande mmoja, anajigaragaza kwenye maranda, anadonoa kifungo cha gauni. Sauti zao zinakuwa laini, za kutetematetema, tofauti na ule mlio mkali wa pii-pii wa aliyepotea au anayehisi baridi. Mwenye hofu hunyoosha shingo, hubana manyoya mwilini, hunyamaza. Chumba kikinyamaza ghafla unapoingia, rudi nyuma hatua moja katika mazoezi.

Wengi wakishakuwa wanakula kiganjani, anza kuwagusa. Kwanza kifua, kwa mgongo wa kidole, kutoka mbele na chini. Mgongo na kichwa viache vije baadaye, maana kushikwa juu bado kunawakumbusha kipanga. Akikubali kifua, siku nyingine mnyanyue akiwa amesimama juu ya kiganja, inchi moja tu kutoka sakafuni, kisha mshushe kabla hajaomba kushuka. Miguu iwe na pa kukanyaga. Kifaranga anayening'inia miguu hewani anapapatika. Mkono wa pili uwe kama paa jepesi juu yake, usimbane. Kuku hana kiwambo kama chetu cha kupumulia. Anapumua kwa kifua kupanda na kushuka, na mtoto anayembana kwa mapenzi anaweza kumkosesha pumzi kabisa.

Ndiyo, tufike kwa watoto. Waingie mmoja mmoja, wameketi, mmoja kwa zamu moja. Mdogo akiweza kukaa kimya dakika 5, yeye atafanikiwa kuliko mkubwa anayenyanyuka kila mara. Wafundishe kwamba kifaranga ndiye anayemkaribia mtu, na mtu hamkimbizi kifaranga hata akiwa ametoroka; aliyetoroka huitwa kwa kugonga sahani. Wakimaliza wanawe mikono kwa sabuni, wasiwabusu wala kuwaweka usoni, kwa kuwa hata kifaranga mwenye afya anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha watu. Na wale watakaokuwa majogoo, watoto wasiwazoeze kupigana na mkono kwa mchezo. Jogoo hukua, naye hukumbuka mchezo huo.

Kuhusu chanjo, hapa nina kovu langu. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya ugani nilifika kijiji kimoja saa tatu asubuhi kuchanja kuku dhidi ya kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Kuku walikuwa wameshafunguliwa. Tulikimbizana nao mpaka mchana, tukachanja labda nusu, na mama mwenye kuku akaniambia baadaye kwamba kwa wiki kadhaa walikuwa wanatawanyika wakiona mtu yeyote aliyevaa buti. Kuku wake walikuwa wapole kabla sijafika. Mimi ndiye niliyewaharibu. Tangu siku hiyo naomba wenye kuku wasiwafungulie mpaka nimalize.

Kwa hiyo tenganisha mkono unaolisha na mkono unaokamata. Chanjo ya I-2 ya kideri ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Maana yake mara 4 kwa mwaka kila kuku wako lazima ashikwe, apende asipende. Ifanye alfajiri kabla hujawafungulia au jioni wakishalala, kwenye mwanga hafifu, kwani kuku haoni vizuri gizani na hutulia. Mtu mwingine awashike ikiwezekana, mume wako au jirani, akiwa na nguo tofauti na ile uliyowazoeza. Wewe uje dakika chache baadaye na sahani yako ya bati na yai lililopondwa. Wakishakua na kuzoea kiganja, utashangaa kwamba wengi utawapa tone wakiwa wamesimama mapajani mwako. Ndui huchanjwa kwa sindano kwenye ngozi ya bawa na inauma kidogo, hivyo hiyo usiifanye peke yako kabisa.

Tahadhari moja nisiisahau. Kifaranga aliyekuwa akikimbia jana na leo anakubali kushikwa bila ubishi, mabawa yamening'inia, hataki hata yai, huyo hajakuwa mpole, anaumwa. Tazama kinyesi. Wiki ya 3 hadi ya 6 ndiyo wakati kuhara damu hupenda kuingia, na maranda yaliyolowa ndiyo hulikaribisha. Mtenge, badilisha maranda, umwite mtaalamu wa mifugo wa kata yako siku hiyo hiyo.

Kwa umri wa wako, tegemea wiki 2 hadi 3 mpaka wengi wale mkononi. Chotara wa damu nzito nzito huwahi. Wale wembamba wepesi wa kuruka huchelewa. Utabaki na wawili au watatu ambao hawatakaribia kiganja maisha yao yote. Waache. Watakula pembeni ya wenzao, watalala kwenye banda lako, watakutagia mayai, na siku ya chanjo utawachukua wakiwa usingizini. Kazi ya kesho ni ule mlango wa pembeni tu. Kigoda unaweza kukiazima kwa mama mkwe, na ukimwomba akae nawe dakika 10 za kwanza, nadhani atakubali.